Jinsi nilivyoizoesha simu ya afya kwenye maboma ya Kinango

Kabla ya simu, kazi yangu ya afya kijijini ilikuwa kazi ya madaftari ya Wizara ya Afya (MOH). Kulikuwa na MOH 513 la kuandikia kaya, MOH 514 la kuandikia kila huduma niliyotoa, na karatasi za rufaa, MOH 100, ambazo mgonjwa alitakiwa azifikishe zahanati mwenyewe. Nyingi ziliishia kuwashia moto. Mwisho wa mwezi tulikusanyika kwa afisa wetu wa afya ya jamii tukajumlisha visanduku kwa kalamu mpaka macho yauma. Hesabu zilikwenda juu, na kwetu hazikurudi tena.

Septemba 2023 mpango mpya ulizinduliwa pale Uhuru Park, Nairobi: wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake. Ndani yake mna mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na simu yenye eCHIS, programu ya kuandikia taarifa za afya ya jamii. Mimi ninahudumia kaya kama mia moja huku Kinango, kaunti ya Kwale, ambako kutoka boma moja hadi jingine unaweza kupita mabonde mawili. Mafunzoni tulionyeshwa pa kubonyeza. Namna ya kuiingiza simu hiyo nyumbani kwa watu, hilo kila mtu alijitafutia.

Kwetu ukame ni mgeni asiyeaga, na mtu anayepita akiandika majina ana maana moja: kuna kitu kinagawiwa. Ama ni chakula cha msaada, ama ni pesa za wazee za Inua Jamii. Basi nilipoitoa simu na kuuliza nyumba ina watu wangapi, nyumba iliongezeka. Wajukuu wanaoishi Mombasa walirudi ghafla, mzee wa miaka sitini na kitu akatimiza sabini papo hapo. Oktoba 2024 mambo yalichanganyika zaidi, kwa kuwa SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, na watu wakaanza kuambiwa wajisajili kwa kubonyeza *147#. Sasa simu yangu ikawa ya bima, na wengine wakaniuliza kwa nini nimekuja na kodi.

Nilimwendea naibu wa chifu nikaomba dakika chache barazani. Sikusimama kusifu teknolojia. Nilitaja mambo ambayo simu hii haiandiki: chakula, pesa, kura, ardhi. Kisha nikataja inayoandika: mimba, chanjo, homa, kikohozi, presha. Mama mmoja akauliza, "Na huyo wa Nairobi akisoma kwamba nina mimba, atanitumia nini?" Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba wa Nairobi anaona hesabu, mwenye kusoma jina lake ni mimi na zahanati yetu, na nikaonyesha jinsi simu inavyofungwa kwa namba ya siri. Kusema kweli, kicheko kile kilinisaidia kuliko hotuba yangu yote.

Nyumbani kwa watu nilibadilisha mpango. Simu hubaki mkobani mpaka tumeamkiana, nimepewa kigoda, tumeulizana habari za shamba na mbuzi. Kinachotoka kwanza ni mashine ya presha. Hii ndiyo iliyowaleta wanaume. Mume ambaye zamani aliniona na daftari akakumbuka ana kazi zizini, sasa anakunja mkono wa shati kabla sijamwomba. Namba ikifika 140 kwa 90 au kupita, ninampumzisha, ninampima tena, kisha ninamwandikia rufaa mbele ya macho yake. Hapo ndipo simu inapotoka, nami huketi ubavuni mwake ili aone kioo, si kumkabili kama karani. Mtu akiona kinachoandikwa, maswali ya "unatuandika nini" hupungua yenyewe.

Kuna maswali ambayo mpangilio wa programu hauyajulii adabu. Inakuletea uzazi wa mpango huku mume, mama mkwe na shemeji wote wamekaa hapo kivulini. Ukimuuliza mwanamke hapo, jibu utakalopata ni la mama mkwe. Mimi ninayaacha. Mgeni kwetu hasindikizwi na macho tu, anasindikizwa kwa miguu, na mwenyeji wangu akinitoa hadi njia panda ndipo tunapozungumza yale mengine, wawili peke yetu. Ninayajaza nikiwa chini ya mti, mbali na boma. Fomu haijui nilijaza wapi.

Sasa, thamani yake. Wakubwa wakija wanasifu takwimu kufika haraka. Sawa. Lakini kwangu mimi thamani iko kwenye orodha ile ya kazi inayojitokeza asubuhi: fulani alipewa rufaa juzi, kamwangalie, mimba ya fulani imefika mwezi huu, hajahudhuria kliniki, mtoto wa fulani chanjo imepita. Daftari lilikuwa linahifadhi niliyoyafanya. Orodha hii inanidai nisiyoyafanya.

Nitatoa mfano mmoja. Mtoto wa miezi kumi alikuwa na kikohozi, mama yake akasema ni mafua tu. Programu ina saa ya kuhesabia pumzi: unafunua kifua, unaangalia kinavyopanda kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka, na kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Huyu alikuwa amepita hamsini, naye ametulia. Nikaandika rufaa, kwa kuwa hiyo ni dalili ya nimonia.

Kesho yake jina lake lilikuwa juu kwenye orodha. Nilipofika, mtoto alikuwa pale pale mkekani. Mama hakubisha wala hakujieleza, alitazama tu upande wa nyumba ya mama mkwe. Bibi alikuwa na hoja zake: kikohozi kina dawa ya miti, bodaboda ina nauli, na baba mtoto yuko Mombasa hajatuma kitu. Sikumwambia bibi kwamba programu imesema. Programu ni nani kwake? Nilimpa heshima yake, nikamwomba tuhesabu pamoja. Yeye akaweka kiganja kifuani kwa mjukuu, mimi nikashika saa, tukahesabu kwa sauti, kwa Kiduruma. Tulipofika hamsini saa ilikuwa bado inakwenda. Akanyamaza, kisha akamwambia mkaza mwana: "Chukua leso, twende." Nauli aliitoa yeye, kwenye fundo la leso yake mwenyewe. Zahanati walimpa mtoto dawa, na siku ya kumfuatilia nilimkuta anatambaa kuelekea kuku.

Kuhusu mtandao na chaji sina mengi. Programu inaandika hata pasipo mtandao, nami nikipanda kilimani karibu na shule inatuma yote kwa pamoja. Chaji ninapata dukani kwenye sola, na mwenye duka hanitozi tangu nilipompima sukari. Bando likiisha ninanunua mwenyewe, na hilo si jambo la kusifia.

Lakini daftari sikulitupa. Si MOH, hili ni la kwangu, la kurasa themanini. Humo ninaandika yale ambayo simu haiulizi: katika boma hili mwenye kauli ni nani, bibi, mume au kaka mkubwa. Nani anashika pesa mume akiwa safarini. Mama yupi asipigiwe simu kwa kuwa simu ni ya mumewe. Bodaboda gani hukubali kulipwa baadaye. Siku zipi wanawake wako kwenye maji mpaka adhuhuri, usije ukatembea bure. Bila hayo, rufaa ya mtoto yule ingebaki imetumwa vizuri kabisa, imefika zahanati kwa sekunde, na mtoto yuko mkekani.

Nilimwambia afisa wetu kwamba kila kaya ingeongezewa kisanduku kimoja: mwenye kauli ya safari ya hospitali ni nani. Akaandika, akasema atalipeleka kwenye kikao cha kaunti. Wakati ninasubiri, mhudumu mpya wa kijiji jirani amekuja kuomba kuona daftari langu. Nimemwonyesha jinsi nilivyolipanga, lakini majina ya kaya zangu sikumwachia anakili. Ya kwake atayapata njia panda, akisindikizwa.