Siku moja mezani kwangu Jackson Square, kazi ya karata naijifunza kwa masikio

Nyumbani Tanga wanajua nauza nguo. Sio uongo mzima, huku New Orleans, Marekani, nilianzia kwenye nguo kweli, ila sasa mwaka wa pili nasoma karata za taroti, zile karata za picha watu wanazotazamia mambo yao, pale uwanjani mbele ya kanisa kuu la St. Louis. Juzi binamu yangu kaniona kwenye picha ya mtalii fulani akanitumia meseji, "We dada umekuwa mganga?" Nimecheka lakini imeniuma. Sina jini, sina chetezo, sijui namba ya bahati nasibu, na tego siwezi kulitoa. Basi ngoja niwape Jumamosi yangu iliyopita muone wenyewe.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishatoka, toroli nyuma, ndani meza ya kukunja, viti viwili, mwavuli, kitambaa, maji. Anayewahi ndo anapata kivuli, ukichelewa utakaangwa na jua la Agosti mpaka karata zenyewe zinajikunja. Nikafunga mwavuli kwenye meza, nikakaa.

Saa mbili mpaka saa tano hakuna kitu. Watalii wako Café du Monde wanakula maandazi (wao wanayaita beignets, mimi ni maandazi tu yamemwagiwa sukari ya unga), wanakuja kifua cheupe wanapiga picha wanapita. Huo ndo muda wangu wa shule.

Shule yenyewe ni meza ya kulia kwangu. Kuna mama pale yuko uwanjani tangu mimi sijazaliwa, na kiti changu nimekiweka kiubavu ili sikio moja liwe kwake. Mwanzo nilikuwa nadukua kwa siri, nikajifanya nafuta meza, meza moja nafuta saa nzima, mpaka siku moja akasema bila hata kugeuka, "Utaitoboa hiyo meza, sogea karibu usikie vizuri." Tangu hapo namwita mama na yeye haitikii vibaya.

Maana ya karata kiukweli sio ngumu. Ziko 78, kubwa 22 na ndogo 56, na hizi wanazotumia wengi hapa ni zile zilizotoka London mwaka 1909 alizozichora Pamela Colman Smith, kila karata picha yake, hata usiyejua unaona stori. Halafu kwangu kulikuwa na ka-shortikati, maana ndogo zina jamii nne, vikombe, sarafu, fimbo na panga, nilipoziona mara ya kwanza nikasema jamani si hizi hizi za babu barazani Ngamiani! Kopa, uru, pau, shupaza. Majina ya Wareno hayo, kopa kikombe, uru dhahabu, pau gongo, shupaza upanga. Sisi karata zetu zina moyo na almasi lakini mdomoni tumebaki na vikombe na dhahabu miaka yote na hatuna habari. Mpaka leo wenzangu wakitaja panga tatu mimi kichwani ni shupaza tatu.

Kinachonichukua miaka ni namna ya kuongea. Mfano karata ya Kifo, namba 13, mifupa juu ya farasi mweupe. Kijana wa kushoto kwangu ikimtokea anawahi, "Usiogope, haimaanishi kufa!" na hapo hapo unaona mteja ndo anaanza kuogopa. Mama haongei. Anaweka kidole pale nyuma kabisa, kwenye kijijua kidogo kati ya minara miwili, anauliza, "Hiki umekiona?" Mteja anainama kutafuta, na mtu aliyeinama anatafuta kitu kidogo hana nafasi ya kuogopa. Nikaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili ili mtu asinisome: *kifo, onesha jua, funga mdomo.*

Saa sita nimepata wawili, dola 20 na 15. Saa saba mmoja. Kengele ya kanisa ikigonga mbili mimi ndo nasema saa nane, na saa nane ndo akaja huyo bwana.

Mtu mzima, kaptula, jasho. Swali moja: mke wangu aliyeondoka atarudi? Nikachanga, akakata, nikaweka tatu. Ya katikati kopa nane, mtu kageuza mgongo anaondoka usiku kaacha vikombe vyake vimepangwa. Akasema hujachanga vizuri. Sawa, nikachanga tena. Safari hii akatoa simu, ana programu ya maana za karata, kila nikifungua mdomo ananisomea, "Simu yangu inasema tofauti." Nikamwambia baba basi ikulipishe simu (hapana sikusema, nilitaka kusema). Ya tatu akataka achange mwenyewe, akaziangusha, nikapiga magoti kwenye mawe ya moto naokota karata moja moja huku yeye anauliza je iliyoanguka inahesabika? Nyuma yake walikuwa wamesimama wadada watatu wanamsindikiza mwenzao anayeolewa, pesa mkononi, wakaangalia saa, wakaangaliana, wakaenda kwa kijana wa kushoto. Watatu! Dola 60 naiona inatembea kwa miguu.

Nilikuwa nishafungua mdomo nimwambie samahani muda umeisha, ikaanza ile meli ya mvuke Natchez kule mtoni. Kama hujawahi kuisikia, ina vinanda vinavyopigwa kwa mvuke, inapiga miziki mtaa mzima kabla ya safari, huwezi kuongea hata na mtu wa pua kwa pua. Basi tumekaa. Mimi nimechoka namwangalia tu. Na yeye akaanza kuongea, nadhani alijua simsikii, midomo inakwenda, inakwenda, nikawa naokota neno hapa neno pale, nyumba, dada yake, halafu neno moja alilirudia mara mbili tatu, mbwa.

Meli iliponyamaza nikauliza, "Na mbwa je?"

Yule bwana akalia. Analia kabisa, kaptula na kofia yake. Kumbe mke kaenda na mbwa, miaka tisa wamelea wote, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza habari ya mbwa, wote wanauliza mke. Tukaongea mbwa nusu saa nyingine, karata hatukuzigusa. Mwisho akaniachia dola 5 na ile chupa yake ya maji, akasema simu yake haikuwa imemwambia hayo.

Dola 5 kwa saa moja na nusu, na kiuno kinaniuma.

Mama akageuka kidogo, "Pale ulinyamaza vizuri." Ikabidi niseme ukweli, mama, ni ile meli. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Baada ya hapo sijui saa. Mvua ikaja kama inavyokuja hapa kila jioni ya kiangazi, bila hodi, tukavuta maturubai, mwavuli wangu ukageuka nje ndani, watu wamekimbilia barazani, tumesimama tumebanana na mishumaa yetu na toroli zetu, wasomaji kwa wachoraji. Ikakata, tukarudi, nikasoma wanne watano hivi, walevi wa Bourbon Street wamo, mmoja alisinzia. Nakumbuka miguu tu.

Nyumbani nimetandaza karata zilizolowa juu ya friji, shupaza tatu imejikunja kabisa haitaki kunyooka. Nikampigia mama Tanga kule alfajiri yao imeshaingia. Kama kawaida yake, "Nguo zimetoka leo mwanangu?"

Zimetoka mama, nikasema. Kidogo. Leo mteja mmoja kanisumbua sana.