Bei ya Kaka Yangu

Julai 2022 Tanga nzima ilikuwa bado inaizungumzia fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania iliyochezwa Arusha tarehe 2 ya mwezi huo, ambapo Coastal Union, timu ya hapa Tanga, walitoka sare ya mabao 3-3 na Yanga kabla ya kushindwa kwa mikwaju ya penalti. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na Abdul Suleiman, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Sopu, na haukupita muda akasajiliwa na Azam. Kwenye baraza za Ngamiani kila mtu alikuwa na dau lake la kumtajia kijana huyo. Kaka yangu naye ni mshambuliaji, lakini alikuwa timu nyingine, mkataba wake ulikuwa umekwisha pamoja na msimu, na alikuwa na miaka 29.

Klabu moja ya Dar es Salaam ilimpigia simu, ikasema itatuma watu wawili waje kuzungumza nyumbani. Kaka hakuwa na wakala. Baba yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo msemaji wa familia alikuwa baba mkubwa, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nilipewa kazi ya kuusoma mkataba. Nilikubali kwa moyo mmoja. Nilikuwa nimewaona washambuliaji waliowahi kuujaza uwanja wa Mkwakwani wakimaliza mpira wao bila akiba na wakiwa na goti bovu, na sikutaka kaka yangu aongezeke kwenye orodha hiyo.

Wageni walifika baada ya swala ya Magharibi, wakamwamkia baba mkubwa, wakanywa chai kwa mkate wa kumimina, wakauliza hali za wote waliokuwemo na wasiokuwemo. Walikuwa watu waungwana, na sina neno baya juu yao. Yule mkubwa wao alitoa bahasha na kutusomea: mkataba wa mwaka mmoja, dau la usajili ambalo sitalitaja kwa kuwa ni siri ya mwenyewe, na mshahara uliozidi kidogo ule aliokuwa akilipwa. Niliuliza kwa nini mwaka mmoja.

"Dada, mimi sikufichi," alinijibu. "Straika akishafika miaka 29, sisi tunanunua msimu, hatununui mchezaji. Hata Samatta, si unaona?"

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992, yaani alikuwa na umri uleule wa kaka yangu. Aliifungia Genk mabao 23 katika ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Januari 2020, akiwa na miaka 27, Aston Villa wakamnunua kwa bei iliyoripotiwa kuwa takriban pauni milioni 8.5. Miaka miwili na nusu baadaye alikuwa amekwisha kupita Uturuki na kurudi Ubelgiji kwa mkopo. Mgeni wetu aliendelea kuhesabu wale waliouzwa kwa bei kubwa kiangazi hicho huko Ulaya, na wote walikuwa vijana: Erling Haaland, miaka 21, aliyechukuliwa na Manchester City kwa euro milioni 60 kwa sababu kifungu cha mkataba wake kiliruhusu auzwe kwa kiasi hicho, na Darwin Núñez, miaka 22, ambaye Liverpool walimlipia euro milioni 75 mbali na nyongeza. Anayenunua kijana hununua mabao pamoja na nafasi ya kumuuza tena, na nafasi hiyo ya pili ndiyo inayopandisha bei. Kwa mtu wa miaka 29 nafasi hiyo karibu haipo.

Lakini wiki ileile Barcelona walikuwa wamemsajili mshambuliaji Robert Lewandowski kutoka Bayern München kwa euro milioni 45, akiwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 34, na mkataba wake Bayern ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Nilimkumbusha mgeni jambo hilo, nikamweleza nilivyoielewa hesabu yenyewe. Ada ya uhamisho hulipwa kwa klabu inayouza, ili kuivunja miaka iliyobaki katika mkataba, na ndiyo maana mchezaji aliyemaliza mkataba hana ada hata akiwa mfungaji bora wa dunia. Mlango huo ulifunguliwa na Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyeshinda kesi yake katika mahakama ya Ulaya Desemba 1995. Kaka yangu alikuwa mchezaji huru. Fedha ambazo wangelazimika kuilipa timu ya Tanga zilikuwa zimebaki mfukoni mwao, na mimi niliona ni haki sehemu yake igeuzwe kuwa muda.

Nikaongeza kwamba hata kanuni za FIFA, ambazo zina kipindi maalumu ambacho mchezaji au klabu inayovunja mkataba bila sababu ya haki huadhibiwa kimichezo, zinaweka miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, na miaka miwili kwa aliyesaini baada ya hapo. Zimeupunguza muda kwa sababu ya umri, sawa, lakini zimeishia kwenye miwili. Mkataba waliotuletea ulikuwa wa nusu ya huo.

Baba mkubwa alikuwa kimya muda wote huo. Alicheza mpira Tanga katika miaka ya 1980, na Coastal Union walipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988 yeye alikuwa amekwisha kuacha kwa sababu ya goti. "Wanangu," aliwaambia, "mimi niliacha mpira nina miaka 26, na nilikuwa na mbio kumshinda huyu. Mbio zangu ndizo zilizoniponza. Mwaka 1990 Roger Milla alikuwa na miaka 38, akawafungia Kamerun mabao manne kwenye Kombe la Dunia kule Italia, tena akiingia kutoka benchi. Mwaka 1994 akafunga tena, ana miaka 42. Msimuulize umri wake. Muulizeni anafungaje."

Hapo kaka aliinuka akaenda chumbani na kurudi na kaunta buku yenye jalada gumu, ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuifungua. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, mpinzani, dakika alizocheza, na kama alifunga, bao lilifungwaje. Mabao yalikuwa kwa wino mwekundu. Safu ya mwisho aliiandika "maumivu", na humo kulikuwa na maneno mafupi kama "paja la kulia, barafu, siku 3" au "hakuna". Kurasa za misimu ya mwanzo zilikuwa zimejaa mabao ya kukimbizana na mabeki kuanzia katikati ya uwanja, na safu ya maumivu nayo ilikuwa imejaa. Kurasa za karibuni zilisema mengine: kichwa kutokana na krosi, mguso mmoja mbele ya goli, mpira uliotemwa na kipa, penalti. Mabao hayakupungua, ila safu ya maumivu ilikuwa na "hakuna" nyingi.

Mgeni alizifunua kurasa polepole, akawa anarudi nyuma kulinganisha. Nadhani kurasa zile zilimweleza kuliko mahesabu yangu yote. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayowaangusha washambuliaji wa mbio, kwa kuwa kila mkimbio wa kasi unaivuta hadi mwisho wake, na aliyejenga mchezo wake wote juu ya kasi huanza kuporomoka mapema. Anayejua kusimama mahali panapofaa huweza kudumu. Cristiano Ronaldo alianza kama winga wa kupiga chenga, akaishia kuwa mmaliziaji wa ndani ya boksi, na Juventus walimnunua mwaka 2018 akiwa na miaka 33 kwa takriban euro milioni 100. Kaka yangu si Ronaldo, lakini mabadiliko yale aliyafanya mwenyewe, bila kocha wa viungo, kwa daftari na barafu ya ndoo.

"Sasa unataka nini, kaka?" mgeni alimuuliza.

"Miaka miwili," alijibu. "Na nikiumia nikiwa kazini kwenu mnitibu, mshahara usikatike. Dau mnaweza kulipunguza."

Hilo la dau hakuwa amelizungumza na mimi, na moyo wangu ulishtuka, lakini sikumkatiza mbele ya wageni. Walitoka uani, wakakaa kwenye simu hadi chai ikapoa, wakarudi wakisema watatuletea jibu. Mkataba mpya ulifika baada ya siku chache: miaka miwili, dau limepungua karibu theluthi, na kifungu cha matibabu kimeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Niliusoma mara mbili kabla hajasaini.

Msimu wa kwanza alicheza karibu mechi zote. Msimu wa pili misuli ya paja ilichanika, akakaa nje wiki kadhaa. Klabu ilimtibu na mshahara uliingia kila mwezi, jambo ambalo kwa timu nyingi alizopitia halikuwahi kutokea. Mkataba ulipokwisha mwaka 2024 alikuwa na miaka 31. Walimwongezea mwaka mmoja, na safari hii walipopiga simu waliomba kwanza kuzungumza na mimi.