Wanyama ninayemkumbuka ni wa msimu wa 2016/17

Ukimtaja Victor Wanyama, kiungo wa Kenya, mbele ya mashabiki wa soka Nairobi, hawachelewi kukupeleka Glasgow, usiku wa Jumatano tarehe 7 Novemba 2012. Celtic ya Uskoti dhidi ya Barcelona. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew anapiga kona, Wanyama anaruka, mpira wa kichwa unatinga wavuni. Huku kwetu ilikuwa imeshapita saa tano usiku. Tony Watt aliongeza la pili mechi ikielekea ukingoni, Messi akapata moja dakika za nyongeza, ikaisha 2–1. Kabla ya usiku huo hakuna Mkenya aliyewahi kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Nalipenda bao lile, na sitamnyima mtu haki ya kulisimulia. Ila mimi nikiwaza kuhusu mechi hiyo, mawazo yangu huenda kwenye dakika zilizofuata. Barcelona walikaa na mpira zaidi ya robo tatu ya mchezo. Xavi, Iniesta na Messi walikuwa wakipigiana pasi fupifupi mbele ya macho ya kijana wa miaka 21 aliyekulia Muthurwa, wakimwita atoke mahali pake. Hakutoka. Alisogea hatua mbili kushoto, hatua tatu kulia, akaziba, akarudi. Hayo hayamo katika video za mabao, na ndiyo yaliyoibakiza Celtic mchezoni hadi Watt akafunga.

Nimekuwa na mawazo haya wiki nzima kwa sababu ya vijana ninaowafunza mpira kila Jumamosi. Wana miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Nikigawa jezi, namba tisa, namba kumi na namba saba zinagombewa kwa kelele. Namba sita, jezi ya kiungo mkabaji anayesimama mbele ya mabeki, hubaki mkononi mwangu. Mmoja wao aliniambia waziwazi, "Kocha, hapo katikati hakuna raha." Nilimwelewa kabisa. Kiungo mkabaji anapofanya kazi yake vizuri, kinachoonekana ni kwamba hakuna kilichotokea: pasi haikufika, mshambuliaji hakugeuka, beki hakulazimika kuteleza. Ni kama yule mtu wa nyumbani anayehakikisha milango imefungwa kabla watu hawajalala. Hakuna anayemshukuru asubuhi.

Kwa hiyo nimekuwa nikirudia kuzitazama mechi zake za zamani, nikitafuta cha kuwaonyesha.

Safari yenyewe ni ya familia kabla ya kuwa ya mtu mmoja. Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, Ingwe, miaka ya themanini. Kaka yake Victor, McDonald Mariga, ndiye aliyefungua njia ya Sweden, akafika Helsingborg, na mdogo wake akamfuata huko mwaka 2007. Mariga alipouzwa Parma, Victor akarudi nyumbani. Mwaka 2008 ndipo Germinal Beerschot ya Ubelgiji ilipomchukua. Wengi hupenda kulisimulia hili kana kwamba mlango ulikuwa wazi na ndugu wawili wakapita tu. Mimi nakumbuka Januari 2010, Mariga alipokaribia kujiunga na Manchester City, kisha akanyimwa kibali cha kazi Uingereza kwa sababu Kenya ilikuwa chini mno katika orodha ya FIFA. Alikwenda Inter Milan badala yake, na Inter wakatwaa mataji matatu msimu uleule, Ligi ya Mabingwa ikiwamo. Aliyefaa kwa bingwa wa Ulaya hakufaa kwa karatasi za Uingereza. Mchezaji wa nchi kama yetu hubeba mgongoni matokeo ya timu ya taifa nzima hata pale anapoomba kazi binafsi, na hilo bado linaniuma.

Victor aliuendea mlango huo kupitia Uskoti. Celtic walimnunua Julai 2011 kwa takriban pauni laki tisa, akachagua jezi namba 67 kukumbuka 1967, mwaka ambao klabu hiyo ilitwaa Kombe la Ulaya kule Lisbon. Akachukua mataji mawili ya ligi na Kombe la Uskoti la 2013. Miaka miwili baada ya kununuliwa, Southampton wakatoa pauni milioni 12.5, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tulijivuna mtaani kama kwamba sisi ndio tuliosaini mkataba.

Southampton alijifunza mengi, lakini msimu wake wa mwisho pale, 2015/16, alionyeshwa kadi nyekundu tatu. Vijana wangu wakiona hilo watadhani alikuwa mkorofi. Sioni hivyo. Namba sita anaishi kwenye mpaka. Akichelewa nusu sekunde, kile ambacho kingekuwa kunyang'anya mpira kwa ustadi kinakuwa rafu. Anayecheza mbele akikosea, timu inapoteza nafasi ya kufunga. Yeye akikosea, anatolewa uwanjani au wanafungwa.

Na ndiyo maana kilichofuata kinanivutia kuliko bao lolote. Mauricio Pochettino, aliyemfunza mwaka wa kwanza Southampton, alimchukua Tottenham, yaani Spurs, mwaka 2016 kwa pauni zinazokaribia milioni 11. Msimu ule wa 2016/17 akacheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Spurs wakamaliza wa pili nyuma ya Chelsea wakiwa na pointi 86, wakaruhusu mabao 26 tu, machache kuliko timu yoyote ya ligi hiyo, na hawakupoteza hata mechi moja ya ligi nyumbani.

Hebu nieleze ninachokiona ninapozitazama mechi zile, maana hapo ndipo penye utamu. Pochettino aliwataka mabeki wake wa pembeni, Kyle Walker na Danny Rose, wapande juu kama mawinga. Ukifanya hivyo unaacha mashimo mawili makubwa nyuma yao, moja kila upande. Nani anayaziba? Tazama mpira unapokwenda kwa Walker: kila mtu anautazama mpira, na Wanyama tayari ameanza kutembea. Anatembea, hakimbii, kuelekea mahali ambapo adui angependa kushambulia iwapo mpira ungepotea. Ukipotea, anakuwa pale. Ukirudi kwake, anampasia Mousa Dembélé mita tano, naye Dembélé anaondoka nao anavyojua mwenyewe. Pasi ya mita tano, mara nyingi kupindukia, bila haraka na bila kutaka sifa. Kuna viungo wanaopiga pasi ndefu ili waonekane. Yeye aliacha Christian Eriksen aonekane.

Jambo la pili ni mwili wake. Wengi husema alikuwa na nguvu, basi. Nguvu alikuwa nazo, lakini mwangalie anavyotumia bega kabla mpira haujafika. Anamgusa mpinzani kidogo, anamvurugia hatua, na mpira ukifika mpinzani yuko kwenye mguu usiofaa. Hicho kinafundishika. Nimeanza kukifundisha, na vijana wanacheka kwa sababu kinafanana na kusukumana kwenye foleni ya matatu, lakini wameanza kukielewa.

Tarehe 14 Mei 2017, Spurs walicheza mechi yao ya mwisho White Hart Lane kabla uwanja haujabomolewa, dhidi ya Manchester United. Dakika ya sita Ben Davies akamimina krosi, na aliyepiga kichwa ni Wanyama. Walishinda 2–1. Katika mechi ya mwisho ya uwanja uliotumika tangu 1899, bao la kwanza lilifungwa na kijana wa Muthurwa, na nadhani hatujalitafakari vya kutosha. Mwezi uliofuata alipozuru Dar es Salaam, meya wa Ubungo alimpa heshima ya mtaa kuitwa jina lake, kisha heshima hiyo ikaondolewa upesi. Wakati huo watu walilifanya gumzo la siku kadhaa. Mimi nililiona kama dalili ya jinsi alivyokuwa wetu sote, Kenya na Tanzania, kwa kipindi kile.

Kisha goti. Agosti 2017, mwanzoni kabisa mwa msimu mpya, aliumia kwenye mechi na Chelsea na hakurudi uwanjani hadi Januari. Tarehe 4 Februari 2018, Anfield, uwanja wa Liverpool, aliingia dakika ya 79 badala ya Dembélé. Kipa wa Liverpool akaupangua mpira kwa ngumi, ukamkuta Wanyama nje ya eneo la hatari, akaupiga kwa kishindo hadi kona ya juu. Lilichaguliwa kuwa bao la mwezi. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Lakini nikilitazama leo, namwona mtu aliyekuwa akipigana kupata tena kile alichokuwa nacho miezi tisa nyuma. Kabla msimu uliofuata haujaanza, goti likamsumbua tena.

Kwa winga, goti likiharibika tunaona kasi imepungua na tunasikitika. Kwa namba sita kinachopotea ni kigumu kukiona. Ile nusu hatua ya kugeuka, ile hali ya kufika mapema bila kukimbia. Watu walianza kusema amekuwa mzito, hana tena ile hamu. Ilinikera sana, kwa sababu waliosema hivyo ni walewale ambao hawakuwahi kuona alichokuwa akifanya alipokuwa mzima.

Hata hivyo, Aprili na Mei 2019, Spurs walipopungukiwa na watu, aliitwa. Katika Ligi ya Mabingwa alicheza ile mechi ya marudiano ya ajabu na Manchester City, ambayo Spurs walifungwa 4–3 lakini wakavuka. Alianza mechi ya marudiano na Ajax kule Amsterdam, akatolewa mapumziko Spurs wakiwa nyuma 2–0. Nafasi yake ilichukuliwa na Fernando Llorente, na Lucas Moura akafunga mabao matatu katika kipindi cha pili. Fainali ya Madrid, tarehe 1 Juni, aliitazama akiwa benchi hadi mwisho.

Wiki chache baadaye alikuwa Misri na kitambaa cha unahodha wa Harambee Stars. Kenya ilikuwa haijacheza Kombe la Mataifa ya Afrika tangu 2004. Tarehe 27 Juni tulikutana na Tanzania, ndugu na majirani, Samatta upande ule na Wanyama upande huu. Tulitangulia kufungwa na Msuva, Olunga akasawazisha, Samatta akafunga dakika moja baadaye, kisha Omolo na Olunga tena. 3–2. Tulifungwa na Algeria na Senegal na hatukuvuka kundi, sawa, lakini ushindi ule ni wa maisha. Nahodha hakufunga. Alikuwa katikati akipunga mkono, akiwaambia wenzake washuke, wapande, watulie. Alikuwa ameanza kuivaa jezi ya taifa mwaka 2007 akiwa na miaka 15 tu. Septemba 2021 akatangaza kustaafu timu ya taifa, na tangu siku hiyo kila ninapoitazama Stars macho yangu huenda kwanza pale mbele ya mabeki.

Montréal alikwenda Machi 2020, wakati Thierry Henry akiwa kocha, dunia ikafungwa kwa korona karibu mara tu alipowasili. Alikaa pale miaka kadhaa, akatwaa ubingwa wa kombe la Kanada mwaka 2021. Sikuzitazama mechi nyingi kwa sababu ya saa zake, kwa hiyo nitanyamaza.

Ila mwaka 2025, akiwa na miaka 33, alirudi Uskoti, Dunfermline, klabu ya daraja la pili iliyokuwa chini ya Neil Lennon, kocha yuleyule wa usiku wa Barcelona. Kwenye mitandao niliona watu wakihesabu ameanguka kutoka wapi hadi wapi. Mimi nilifurahi. Kocha aliyemjua akiwa na miaka 20 alihitaji mtu wa kusimama katikati, akakumbuka ni nani aliyejua kusimama. Jumamosi hii nitawaonyesha vijana nusu saa ya msimu wa 2016/17, mpira ukiwa mbali naye, kisha nitauliza nani anaitaka namba sita.