Lambo na ndugu wa mgonjwa

Machi ikifika huwa namkumbuka Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili. Alizaliwa Abeokuta, Nigeria, tarehe 29 Machi 1923, akafariki tarehe 13 Machi 2004, siku chache kabla ya kutimiza miaka 81. Wanaomtaja huanza na vyeo vyake: profesa wa Chuo Kikuu cha Ibadan, makamu mkuu wa chuo hicho, kisha naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani kuanzia 1973 hadi 1988. Mimi naanzia hospitali ya Aro. Huko ndiko alikomchukua ndugu wa mgonjwa kutoka nje ya geti akamwingiza ndani ya tiba, tena kwa kazi maalumu.

Udaktari aliusomea Birmingham, magonjwa ya akili akayasomea London. Uingereza ndiko alikompata mkewe, Dinah, wakajaliwa watoto wa kiume. Aliporudi nyumbani 1954 kuishika hospitali ya Aro, nje kidogo ya Abeokuta, majengo yalikuwa hayajakamilika. Badala ya kusubiri mafundi, akavitazama vijiji vilivyoizunguka hospitali na kuona kwamba vitanda alivyovihitaji tayari vipo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mgonjwa hakupokelewa akiwa peke yake. Ilibidi aje na ndugu angalau mmoja, awe mama, dada, kaka au shangazi, mwenye uwezo wa kumpikia, kumfulia, kumpeleka hospitali asubuhi na kumfuata alasiri. Wawili hao walipanga chumba kwa mwanakijiji kama wapangaji wengine. Mchana ulikuwa wa tiba: kloropromazini, dawa ya magonjwa ya akili iliyokuwa ngeni kabisa miaka ile, mshtuko wa umeme kwa waliouhitaji, na mazungumzo ya kikundi. Jioni mgonjwa alirudi kwenye maisha ya kijiji, kwenye moto wa kupikia, ngoma, ibada na maneno ya majirani. Wauguzi nao walikaa kijijini, kwa hiyo usiku ukiharibika kulikuwa na mtu wa kuitwa.

Ukiusoma mpango huu haraka utaona ni huruma tu. Hesabu yake ilikuwa imepigwa vizuri. Hospitali iliwakopesha wanakijiji fedha za kuongeza vyumba, ikasaidia kupata maji safi na vyoo, ikapambana na mbu. Mwenye nyumba alipata kodi, na kijiji kizima kikapata afya. Hapa ndipo wengi wanaotaka kuiga Aro hukosea: huiomba jamii iwapokee wagonjwa, na jamii yenyewe haipati kitu. Mwaka wa kwanza watu huvumilia. Baadaye huchoka, na lawama humwangukia mgonjwa.

Faida kubwa zaidi ilikuwa macho ya yule ndugu. Anayeanza kloropromazini huweza kusinzia mchana kutwa, kupata kizunguzungu akisimama ghafla, kutetemeka mikono, kukakamaa misuli, hata shingo kupinda upande au macho kukwama yakitazama juu. Daktari anayemwona kwa dakika kumi hupitwa na mengi ya hayo. Mama anayempakulia ndiye anayesikia kijiko kikigonga sahani jana na leo tena, na akilisema asubuhi, dozi hupunguzwa kabla mgonjwa hajaikataa dawa yote. Wengi wanaokataa dawa wana sababu, na mara nyingi sababu ni mwili unaowasumbua na hakuna aliyewauliza.

Kuna na suala la kuruhusiwa. Aliyelazwa wodini miezi kadhaa hurudi na pakiti ya vidonge kwa watu ambao mara ya mwisho walimwona amefungwa kamba. Hawajui alivyopona. Akipata nafuu wanasema basi, dawa inatosha. Ugonjwa ukirudi baada ya wiki au miezi, wanasema hospitali imeshindwa. Ndugu wa Aro alikuwa ameiona nafuu ikija kwa hatua: usingizi, kisha fujo kupungua, kisha sauti anazozisikia mgonjwa kufifia, ambazo huchelewa na pengine haziishi zote. Mtu aliyeona hayo haachi dawa kirahisi.

Lambo aliwaita pia waganga wa jadi, wakasaidia kuongoza shughuli za pamoja za wagonjwa vijijini na kuwafafanulia madaktari mgonjwa anamaanisha nini anapodai amerogwa. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Mimi naona alikuwa sahihi, kwa sharti moja alilolishika: waganga walifanya kazi mbele ya macho ya hospitali. Anayetumia jina la Lambo kutetea minyororo na viboko anamsingizia.

Halafu kuna jambo la Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Aliifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, akadai pia kwamba sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, ni nadra kwetu. Lambo alijibu kwa utafiti. Yeye na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell waliongoza kundi lililowahoji watu wa Abeokuta na vijiji vya Wayoruba, na matokeo, yaliyotoka 1963, yakalinganishwa na ya kaunti ya Stirling nchini Kanada. Dalili za sonona zilikuwepo, tena si haba. Kosa la kuwahesabu waliofikishwa hospitalini ni kwamba anayefikishwa ni yule anayesumbua wengine. Aliyekaa kimya chumbani, asiyekula, anayeamka alfajiri na mapema na kulia, haletwi na mtu. Miaka 20 baada ya kitabu kile, Lambo alikuwa naibu mkuu wa shirika lilelile lililokichapisha.

Mpango wa Aro una gharama, na sipendi ifichwe. Ndugu huacha shamba au biashara kwa wiki, pengine miezi, na mara nyingi anayetakiwa kuacha ni mwanamke. Anayelipwa kwa siku hawezi kabisa. Pasipowezekana kuhamia karibu na hospitali, kuna kiasi kidogo ambacho wodi yoyote inaweza kukifanya kesho: kuandika jina la ndugu mmoja siku ya kwanza, kumkalisha dawa inapoelezwa, kumfundisha madhara ya kutazama na dalili za ugonjwa kurudi, hasa kukosa usingizi, na kumpa yeye pia tarehe ya kliniki. Asiye na ndugu ndiye aliyebaki nje ya utaratibu wa Lambo, na kwa huyo hospitali inapaswa kumteua muuguzi mmoja, yuleyule kila mara, afanye kazi hizo zote.