Habari za michezo kutoka sabule ya shangazi, Lamu

Machi 2020 ilinikuta Mombasa, mhariri wa michezo katika kituo cha runinga. Tarehe 13 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na siku hiyohiyo Ligi Kuu ya Uingereza ikasimamishwa. Tarehe 24 Olimpiki ya Tokyo ikaahirishwa. Mwisho wa Aprili Gor Mahia wakatangazwa mabingwa wa Kenya hali mechi hazijaisha. Dakika zangu nane za michezo zikawa nne, kisha mbili, kisha kipindi kikaondolewa na mimi nikaachishwa kazi. Julai, vizuizi vya kuingia na kutoka Mombasa vilipoondolewa, nilipanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, nikarudi nyumbani Lamu.

Nilirudi na wazo moja: taarifa ya habari ya dakika kumi na mbili kila jioni, kwenye mtandao, ya watu wa visiwa hivi. Tulikuwa watatu. Binamu yangu alishika kamera, mwalimu mmoja wa madrasa akawa msomaji, mimi nikahariri na kuongoza. Shangazi alitupa sabule yake, chumba cha wageni katika nyumba ya zamani ya mtaa wa Mkomani. Nilimbusu mkono, nikaanza kupima ukuta kwa ukuta.

Hapo ndipo nilipokosea mwanzo. Nilitaka studio ifanane na ile ya Mombasa, nikatundika kitambaa cha kijani ili nyuma ya msomaji niweke picha ya kompyuta. Kitambaa cha kijani kinahitaji nafasi: msomaji akae mbali nacho, kiasi cha mita mbili au zaidi, na kiwe na taa zake peke yake. Chumba cha Kiamu hakina upana huo. Upana wake huamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, na chetu hakikufika mita tatu. Mwalimu akiketi na kanzu yake nyeupe, ukijani wa kitambaa ulimrukia mabegani na kwenye kofia. Kompyuta ilipoambiwa iondoe kijani, iliondoa na vipande vya kanzu. Wiki mbili tulipigana na kitambaa kile.

Shangazi ndiye aliyeuliza, akituletea kahawa na halua, "Mwanangu, kwani zidaka hizi zina aibu gani?" Nyuma yetu, ukuta mzima wa mwisho wa chumba, kulikuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa zilizochongwa na mafundi ambao wajukuu wao pia wamekwisha kufa. Na mimi nilizifunika kwa kitambaa.

Tukageuza kila kitu. Chumba ni chembamba lakini ni kirefu, basi kamera tukaiweka mwisho mmoja na msomaji mwisho wa pili, karibu mita sita baina yao, lenzi ikavutwa. Kwa umbali ule zidaka zilififia kidogo nyuma yake, uso ukabaki umekaza. Taa zetu mbili za LED hatukumwelekezea machoni. Tulizipiga darini, chokaa iliyo baina ya boriti ikaurudisha mwanga ukiwa laini. Kanzu nayo ilinifundisha kupima mwanga. Ukiupima kwa uso wa mtu mweusi aliyevaa nyeupe, kanzu inaungua na kuwa bapa jeupe tupu. Mimi hupunguza hadi nione mikunjo ya begani, kisha namwongezea uso kwa ubao mweupe uliowekwa mapajani, chini ya picha.

Mwangwi tuliumaliza kwa magodoro mawili ya usufi na majamvi. Sauti za nje hazimaliziki, zinapangiwa wakati. Mji Mkongwe wa Lamu hauna magari, ila una punda na una misikiti, na adhana haikatizwi wala haisemewi juu. Tunarekodi baada ya sala ya alasiri, tunamaliza kabla ya magharibi. Punda akilia, tunangoja.

Sasa michezo. Nilipofika Lamu, Uingereza walikuwa wamekwisha rudi uwanjani tangu tarehe 17 Juni, viwanja vitupu, na vijana wa mtaa wa Langoni walikuwa wamerudi kugombana juu ya Arsenal na Manchester. Binamu yangu alinisihi, "Dada, bila mpira wa Uingereza nani atatutazama?" Tukaweka sekunde ishirini za bao kutoka mahali fulani. Video ikaondolewa kwa dai la haki, na kwa wiki nzima hatukuweza kupandisha kitu. Kosa lilikuwa langu, nilijua. Matokeo kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma. Picha za bao zina mwenyewe aliyezilipia, na vituo vikubwa hulipa fedha nyingi mno kwa ajili yake. Sisi hata tungeuza nyumba ya shangazi hatungefika. Basi nikaamua: Uingereza isomwe kwa sekunde arobaini, matokeo na msimamo, na zile dakika tatu zilizobaki ziende kwa mchezo ambao kamera yetu wenyewe imeuona.

Mashindano ya mashua yaliporudi tulikwenda wote. Mashua za Lamu si rahisi kupiga picha. Ukikaa ufukweni mwa kijiji cha Shela unaona matanga tu, kama vipande vya karatasi, hujui nani mbele. Ukikaa ndani ya boti inayofuata unaona jasho la mabaharia, namna wanavyojitupa juu ya ubao upande wa upepo ili mashua isilale, lakini hujui mashindano yako wapi. Tulihitaji vyote viwili. Binamu alikuwa kwenye boti, kamera ndani ya mfuko wa nailoni, kipaza sauti kimevishwa manyoya ili upepo usikivume. Mimi nilikuwa juu ya dari ya nyumba ya rafiki nikilenga boya la kugeukia, kwani pale ndipo mashindano yanapoamuliwa: foromali, ule mti unaobeba tanga, inapitishwa mbele ya mlingoti, tanga zima linahamia upande wa pili, na baharia mmoja akichelewa kamba, mashua inasimama kana kwamba imepigwa nanga.

Picha tulipata. Maneno hatukuwa nayo. Mwalimu alijaribu kutangaza kama mpira, akapaza sauti, haikukaa. Nikamfuata ami yangu, nahodha mstaafu, nikamketisha sabule mbele ya skrini na kipaza sauti, nikamwambia, "Ami, wewe tuambie unachokiona." Dakika mbili alinyamaza. Kisha akasema polepole, kwa Kiamu chake ambamo macho ni mato na njia ni ndia, "Yule wa nyuma ndiye atakayeshinda. Tazama kwa mato, mwanangu. Wenzake wamekwenda kutafuta ufupi wa ndia, yeye amekwenda kutafuta upepo." Mashua ile ilikuwa ya nne. Ikapita ya tatu, ikapita ya pili, na kwenye boya ikaongoza. Sikukata hata neno lake moja, wala ule ukimya wa mwanzo. Nimehariri fainali za vikombe vikubwa, lakini dakika zile tatu na nusu ndizo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Tangu siku hiyo ami ana kiti chake studio, karibu na kidaka cha chini.

Olimpiki ilipofanyika mwaka uliofuata sikuweza kuinyamazia. Tarehe 8 Agosti 2021 Eliud Kipchoge alishinda marathoni kule Sapporo kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 38, na sisi hatukuwa na haki ya kuonyesha hata hatua yake moja. Nilipiga hesabu: kilomita 42 na ushei kwa muda ule ni kama dakika 3 na sekunde 3 kwa kila kilomita. Saa nne asubuhi, maji ya bamvua yakiwa yametoka, tulipima kilomita moja kwa kamba kwenye mchanga mgumu wa Shela, tukamwomba kijana mwenye mbio kuliko wote mtaani aikimbie. Alijitahidi mpaka akaanguka magotini: dakika 3 na sekunde 41. Jioni mwalimu akasema, "Mlivyomwona akikimbia, Kipchoge alikimbia kwa kasi zaidi, na hakusimama hapo. Aliendelea mara arobaini na mbili." Watu walinisimamisha njiani siku tatu wakitaka kujua ile saa yetu ilikuwa sahihi.

Gumu zaidi limekuwa mpira wa wasichana. Wanacheza vizuri, na nilitaka waonekane, lakini niliwahi kuona wazazi wakiwatoa binti zao timuni kwa sababu ya picha moja iliyopigwa vibaya na kusambazwa. Kabla ya kuwasha kamera nilikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na mama zao. Tulikubaliana kamera ikae mbali, nyuma ya goli, isiwafuate miili, na kila taarifa waione mama kwanza, sabule, kabla haijatoka. Mara ya kwanza walikuja wanne, wakaagiza sehemu mbili zikatwe, nami nikazikata. Mara ya pili walikuja tisa na hawakukata kitu. Mmoja aliniuliza mbona sikuonyesha vizuri mwanawe alivyookoa ule mkwaju.

Wanacheza tena Jumamosi, saa kumi na nusu. Binamu ameshaenda kuazima ngazi, ili kamera ipande juu kidogo na yule mlinda lango aonekane.