Nilivyoiandika upya menyu ya Kiingereza

Nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Unguja ina jiko la kujivunia, ila menyu yake ya Kiingereza ilikuwa kituko. Pweza wa nazi kaandikwa "sweet octopus". Kwetu pweza akiwa mtamu ni mtamu, basi. Mgeni yeye akiona "sweet" anawaza sukari, na wenye kisukari walikuwa wakituuliza kama tumetia asali. Nikaomba niiandike upya.

Nilianzia jikoni. Nilimuuliza bi mpishi kila chakula kina nini na kinapikwaje. "Mwanangu, andika tu kitamu, wakila watajua wenyewe," akaniambia huku akinionjesha mchuzi kiganjani. Nikafanya kinyume chake: "delicious" nikaifuta karibu kote, maana muuzaji anayejisifia hasadikiki. Pweza akawa "octopus simmered in a rich coconut sauce". "Rich" hapo haina habari ya pesa, ni ule uzito wa tui zito.

Pilau ndiyo iliyonitoa jasho. Ilikuwa "spicy rice", na wasiokula pilipili wakawa wanaikwepa, ilhali yetu haiwashi hata kidogo. Mgeni akisoma "spicy" anategemea kuwashwa. Chakula kilichokolea iliki, mdalasini na karafuu bila kuwasha ni "spiced". Herufi za mwishoni tu, lakini sahani zilianza kutoka. "Hot" niliiepuka kabisa, kwa kuwa hubeba moto na pilipili kwa pamoja. Urojo nao ulikuwa "sour soup", jina la kumkumbusha mtu maziwa yaliyolala. Kwa ule uchachu wa embe mbichi na ndimu nikaweka "tangy".

Mengine yalikuwa mepesi. Bango la mapokezi lilisifu samani kuwa "tasty", nikaweka "tasteful", kwani viti haviliwi. Kadi ya mezani iliandikwa "We hope you enjoyed", sentensi imeachwa ikining'inia. "Enjoy" hutaka kitu mbele yake, kwa hiyo ikawa "enjoyed your meal". Na kitenzi kikiifuata huja na -ing: "enjoy swimming", si "enjoy to swim".

Meneja alitaka "very delicious" irudi japo kwenye mkate wa ufuta. "Very" nikaikataa, kwa sababu "delicious" yenyewe imeshafika kileleni. "Delicious" nimemwachia. Mkate ule unastahili.