Seva iliposahau majina ya wenyewe

Umeme ulikatika usiku wa Jumapili ukarudi alfajiri. Saa mbili asubuhi simu ya mama mhasibu ikanikuta Mwanga, chai sijamaliza.

“Fundi, folda ya mishahara inanikataa. Neno la siri ni lile lile, inasema haimjui mtu kama mimi.”

“Shikamoo mama. Nakuja.”

Nikachukua bajaji, nikateremka Kigoma mjini. Ofisi sitaitaja. Ina seva moja ya Linux chini ya meza, kompyuta tisa za Linux zinazochukua mafaili kwa NFS (njia ya Linux ya kugawana mafaili mtandaoni), na tatu za Windows kwa wahasibu zinazopitia Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawana mafaili na Windows. Majina ya watumiaji wote yamo kwenye saraka ya LDAP, yaani daftari la pamoja la majina, humo humo ndani ya seva. Niliifunga mwenyewe mwaka 2021, kwa hiyo sikuwa na wa kumsingizia.

Kilichonichanganya ni kwamba kompyuta za Linux zilikuwa zinapiga kazi kama kawaida. Vijana wameingia, mafaili yanafunguka. Zilizogoma ni Windows tu. Yeyote angeishuku Samba, nami nikaishuku. Nikapitisha testparm inayokagua mipangilio yake, safi. Nikawasha smbd, huduma yenyewe ya Samba, upya, mara mbili, wapi! (Aliyeanzisha Samba, Andrew Tridgell wa Australia, jina alilipata kwa kupekua orodha ya maneno akitaka lenye S, M na B kwa kufuatana. Angepekua kamusi yetu angekutana na simba, shamba, sambusa. Na sumbua. Asubuhi ile ningempigia kura sumbua.)

Nikaenda kwenye seva yenyewe, nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na wenyewe. Palipotakiwa kuwa na majina palikuwa na namba tupu: 10007, 10012, 10015. Hapo nikavuta kiti. Diski haimjui mtu kwa jina, inajua namba yake tu. Jina linaulizwa kwenye saraka kila linapohitajika. Ukiona namba zimebaki uchi, aliyeulizwa hajajibu. Nikajaribu getent passwd, inayotaja watumiaji ambao seva inawajua: root na wenzake wa ndani wakajitokeza, wa LDAP hata mmoja. Na Samba haimkaribishi mtu ambaye Linux iliyoibeba haimjui. Mama alikuwa ameambiwa kweli.

Lakini slapd, programu inayoiendesha saraka ya LDAP, inatembea! ldapsearch (amri ya kuiuliza saraka) ya kawaida kwenye bandari 389 ikamwaga majina yote. Ile ya ldaps, 636, njia ya siri inayolindwa kwa cheti na ndiyo seva huitumia kuulizia majina, ikajibu kwamba seva haifikiki. Seva imeshindwa kujifikia yenyewe. Nikapoteza nusu saa kwenye sheria za ngome ya mtandao, kumbe ujumbe ule hutolewa hata pale mlango uko wazi ila waliokutana wamekataliana. Nilipoongeza -d 1 ili amri ieleze zaidi ndipo ikatoboa: cheti bado hakijaanza kutumika.

Cheti nilikitengeneza 2023. Nikaandika date.

1 Januari 2015.

Betri ndogo ya kwenye mazabodi ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika saa ikarudi ilikotoka kiwandani. Kompyuta za vijana huchukua saa kwenye intaneti, kwa hiyo kwao cheti kilikuwa halali kabisa. Seva haikuwa na wa kuiambia saa. Huduma ya chrony, inayorekebisha saa kupitia mtandao, sikuiwasha tangu 2021. Kinachoniuma zaidi: kumbukumbu za mfumo nilikuwa nimezisoma asubuhi nzima, kila mstari ukianza na Jan 1, jicho linaruka tarehe linakimbilia maneno.

Kijana mmoja akatumwa kuleta betri ya CR2032. Alirudi nayo kutoka kwa fundi wa saa. Nikazima, nikabadilisha, nikarekebisha tarehe, nikawasha chrony, kisha nslcd (inayoiulizia seva majina kwenye LDAP) na smbd. ls -l ikarudisha majina.

Yakabaki mafaili 61 ambayo vijana walihifadhi asubuhi ile, yote yana tarehe ya 2015. Skripti yangu ya nakala rudufu huchagua mafaili kwa tarehe, ingeyapita usiku huo bila hata kuyatazama. Nikayasaka kwa find, nikayapitisha touch ili yapate tarehe ya siku ile.

“Kwa hiyo ni betri tu?” mama akauliza, kalamu mkononi.

“Betri tu, mama.”

Akaniandikia hati ya malipo: betri moja, shilingi 2,000. Nauli ya bajaji nikaona haya kuitaja.